Sheria Inapima Taa, Haipimi Gari

Taja taa za magari ya siku hizi mbele ya watu wanaoendesha usiku na hutapata nafasi ya kumaliza sentensi. Kila mmoja ana kisa chake: gari lililotokea kwenye kona likamfuta barabara nzima, pikapu iliyomganda nyuma kilomita nyingi huku kioo chake cha kati kikiwaka kama jua. Mwisho wa mazungumzo huwa ni ule ule, kwamba taa zimezidi ukali na serikali zipige marufuku. Nakubaliana na hasira yao yote. Siyo na tiba wanayoitaja. Nimelifuatilia jambo hili kwa muda, nikasoma kanuni zenyewe na kuwasumbua mafundi kwa maswali, na ninachokiona ni kwamba tunaumizwa zaidi na mahali mwanga unakoelekezwa kuliko na wingi wake. Hapo kwenye uelekeo ndipo sheria zilipolegea.

Nianze na jicho, kwa sababu ndilo linaloumia. Mwanga mkali ukiingia jichoni hautulii mahali pamoja. Sehemu yake husambaa kwenye konea, kwenye lenzi na kwenye ute wa ndani, ikatanda utando mweupe juu ya picha nzima unayoiona. Mtu aliyevaa nguo nyeusi pembeni mwa barabara, ambaye sekunde moja iliyopita alikuwa anaonekana kwa taabu, anazama ndani ya utando huo. Yuko pale pale, ila jicho haliwezi tena kumtenganisha na giza lililo nyuma yake. Gari likishapita, utando huondoka, lakini jicho huchukua sekunde kadhaa kulizoea giza upya. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, kila sekunde moja ni mita 22 za barabara.

Wataalamu hutenganisha mambo mawili hapa. Kuna mwanga unaokera, unaokufanya ukunje uso na kutamani kufumba macho, na kuna mwanga unaokupunguzia uwezo wa kuona hasa. Mara nyingi huja pamoja, lakini si lazima. Mwanga mweupe unaokaribia ubuluu, kama wa taa nyingi za LED, hukera kuliko mwanga wa njano wa halojeni, zile globu zenye waya unaowaka, hata pale kipimo kinapoonyesha kuwa kiasi ni kile kile. Na taa ndogo inayotoa mwanga mwingi kupitia kitundu chembamba huchoma kuliko taa pana. Ndiyo maana mtu anaweza kulalamika kwa haki kabisa kuhusu taa ambayo maabara imeipitisha bila shida.

Umri nao una neno. Katika hesabu zinazotumiwa na wataalamu wa mwanga, mtu wa miaka 70 husambaziwa mwanga ndani ya jicho karibu mara mbili ya kijana. Jirani yangu, mwalimu mstaafu, hakuwa na ugonjwa wowote wa macho uliohitaji matibabu, ila aliacha kuendesha usiku. Nilipomuuliza sababu aliniambia, "Binti yangu, gari nalijua na barabara naijua. Lakini wakishanipita, kwa muda naendesha kwa kukumbuka, si kwa kuona." Mtu mwenye busara akishafika hapo huacha funguo nyumbani. Hata hivyo sipendi kulichukulia jambo hilo kuwa ni uzee tu. Amenyimwa nusu ya siku yake na taa za watu wengine, na nyingi ya taa hizo zingeweza kurekebishwa kwa bisibisi.

Kwa bisibisi kweli. Taa ya dimu, ile tunayoiwasha tukikutana na magari, imetengenezwa iwe na kikomo. Chini ya mstari fulani kuna mwanga mwingi, juu ya mstari huo karibu giza. Mstari wenyewe haujanyooka: upande wa dereva anayekuja uko chini, na upande wa ukingo wa barabara unapanda, ili uone mtembea kwa miguu na alama bila kumpiga mwenzako machoni. Mpangilio huu wa pande mbili zisizolingana ulianza kutumika Ulaya katika miaka ya 1950, na hadi leo ni moja ya kazi safi zaidi katika gari. Lakini unafaa pale tu mstari ukiwa mahali pake. Kwa gari dogo la kawaida, mstari huo hutakiwa kushuka kwa asilimia 1 au zaidi kidogo, yaani sentimita 10 hivi katika kila mita 10. Taa iliyo sentimita 70 kutoka ardhini, ikishuka hivyo, mwanga wake unagusa lami kwenye mita 70. Inueni mwanga huo kwa digrii moja tu, na hautagusa lami tena popote.

Niliyaona haya kwa macho yangu baada ya gari langu kutoka kutengenezwa bumpa ya mbele. Kazi ya rangi ilikuwa safi. Tatizo ni kwamba magari niliyokutana nayo usiku yalianza kunipigia fulu, moja baada ya jingine, na mimi niko kwenye dimu. Waliofunga taa ya kulia hawakuipima. Nilikwenda kwa fundi mwingine, mtu wa makamo asiye na maneno mengi. Aliliweka gari kwenye sakafu iliyo sawa, mita 10 kutoka ukutani, akakagua upepo wa matairi, akanikalisha kwenye kiti cha dereva kwa sababu uzito wa dereva nao unahesabika. Kisha akapima urefu wa katikati ya taa, sentimita 70, akachora kwa chaki mstari wa sentimita 60 ukutani. "Washa dimu, dada."

Taa ya kushoto ilikaa juu ya chaki kana kwamba imechorwa nayo. Ya kulia ilikuwa sentimita 18 juu yake. Ukutani pengo lile halikuonekana kubwa, kiasi cha kiganja kimoja, na ningeweza kulipuuza. Fundi alinifanyia hesabu hapo hapo: mwanga unaotakiwa kushuka unapanda, na kwa mwendo huo ukifika mita 50 mbele utakuwa umefika sentimita 110 kutoka ardhini. Ndio urefu wa macho ya dereva aliyekaa kwenye gari dogo. Kwa maneno mengine, taa yangu ilikuwa imelengwa usoni mwa watu. Alifungua boneti, akatafuta skrubu nyeupe ya plastiki nyuma ya taa, akaizungusha taratibu huku akiangalia ukuta. Mstari ukashuka, ukatulia juu ya chaki. Kazi yenyewe ilikuwa fupi kuliko maandalizi yake. Usiku ule hakuna aliyenipigia fulu, na barabara niliiona vizuri kuliko kabla, kwa sababu mwanga uliokuwa unapotelea hewani sasa ulikuwa unafanya kazi.

Sasa tazama sheria zinashughulika na nini. Duniani kuna familia kubwa mbili za kanuni za taa. Moja ni ya Umoja wa Mataifa, inayoandaliwa Geneva chini ya mkataba wa mwaka 1958, na inafuatwa na nchi nyingi za Ulaya, Asia na kwingineko. Nyingine ni ya Marekani, kiwango namba 108 cha serikali ya shirikisho. Zinatofautiana katika mengi. Za Geneva zinataka mstari wa kikomo ulio mkali na zinabana sana mwanga unaovuka juu yake. Za Marekani zinaruhusu mwanga zaidi juu ya mstari, kwa sehemu ili vibao vya barabarani vilivyo juu visomeke. Zote mbili zinaanzia mahali pamoja: taa inafungwa kwenye mtambo maabara, inawekwa kwenye uelekeo sahihi, kisha mwanga wake unapimwa nukta kwa nukta. Ikifaulu, imefaulu.

Marekani ilikwenda mbali zaidi katika mtazamo huo. Kuanzia mwaka 1940 magari yake yalilazimika kutumia taa za kioo zilizozibwa kabisa, za maumbo na saizi chache zilizowekwa na sheria, na hali hiyo ilidumu hadi mwaka 1983, ndipo Ford walipokubaliwa ombi lao la kutumia globu zinazobadilishwa. Lincoln Mark VII ya mwaka 1984 ikawa ya kwanza. Watu hucheka taa zile za zamani, na mwanga wake ulikuwa hafifu kweli. Lakini zilikuwa na jambo moja ambalo ningelipenda lirudi: usoni mwa kioo kulikuwa na vinundu vitatu vidogo vya kushikia kifaa cha kupimia uelekeo. Fundi yeyote mwenye kifaa kile angeweza kuipima taa ya gari lolote. Wabunifu wa wakati ule walichukulia kwamba kupima uelekeo ni sehemu ya maisha ya taa, kama kubadilisha mafuta ya injini.

Pengo kati ya maabara na barabara lilionekana hadharani mwaka 2016. Taasisi ya IIHS ya Marekani, inayogharimiwa na kampuni za bima, ilianza kupima taa zikiwa ndani ya gari, usiku, kwenye barabara ya majaribio, zikiwa na uelekeo ule ule zilizotoka nao kiwandani. Katika kundi la kwanza la magari 31 ya ukubwa wa kati, moja tu, Toyota Prius v, lilipata alama ya juu, tena kwa toleo lenye taa bora zaidi. Magari yote yale yalikuwa halali. Yalikuwa yamefaulu kiwango namba 108. Kilichokuwa hakijawahi kuulizwa na sheria ni swali rahisi: gari hili, lilivyo, linamulika wapi?

Taasisi hiyo hiyo imenifundisha kuwa mwangalifu na madai ya kupunguza mwanga. Mwaka 2021 ilitoa matokeo kwamba magari yenye taa zilizopata alama ya juu hupata ajali za usiku za gari peke yake kwa kiwango kilicho chini kwa asilimia 19 kuliko yale yenye taa duni. Hao ni watu walio hai kwa sababu waliona kona au mti mapema. Ukisema taa zote zirudi kwenye halojeni hafifu, unawatoa watu hao kafara ili macho yetu yapumzike. Mimi sitaki kuchagua kati ya mtembea kwa miguu asiyeonekana na dereva anayetiwa kiwi. Mstari wa kikomo ulibuniwa ili tusichague.

Kanuni za Geneva zimejitahidi zaidi kulifuata gari, na nazipa sifa zake. Kanuni namba 48, ile ya ufungaji wa taa, inataka kiwango cha mshuko kiandikwe kwenye gari lenyewe, na inataka taa iliyofungwa juu ishuke zaidi: chini ya sentimita 80 uelekeo wa awali ni kati ya asilimia 1 na 1.5, juu ya sentimita 100 ni kati ya 1.5 na 2. Inataka pia njia ya kusawazisha taa gari likibeba mzigo. Hapo ndipo penye kasoro iliyonikera kuliko zote. Kwa miaka mingi, usawazishaji wa kujiendesha wenyewe ulilazimishwa kwa taa ambazo chanzo chake cha mwanga kinazidi lumeni 2,000, lumeni ikiwa ni kipimo cha wingi wa mwanga. Zisizozidi zingeweza kubaki na kigurudumu cha kuzungusha kwa mkono. Globu za kwanza za zenoni, gesi inayong'aa kwa umeme badala ya waya, zilizoanza kwenye BMW mwaka 1991, zilikuwa na lumeni 3,200 hivi, kwa hiyo ziliguswa na sharti hilo. Viwanda vikatengeneza zenoni za wati 25 zenye lumeni 2,000, kwenye ukingo ule ule wa sheria, na taa nyingi za LED zikakaa chini ya kiwango hicho pia. Kana kwamba jicho linajua lumeni ngapi zimetoka kwenye chanzo! Buti likijaa mizigo na nyuma ya gari ikalala, taa ya lumeni 1,900 inainua pua kama ile ya 3,200, na inampiga dereva wa mbele mahali pale pale.

Kigurudumu hicho, kwa walio nacho, kiko upande wa usukani, kimeandikwa 0, 1, 2, 3, na kina alama ya taa yenye mshale. 0 ni gari lenye dereva tu au na abiria wa mbele. Kadiri namba inavyopanda, taa inashuka, na kitabu cha gari kinaeleza namba ipi ni ya mzigo upi. Nimekaa kwenye magari ya watu makini, wanaoosha injini na kubadilisha mafuta kabla ya wakati, wakaniambia walidhani kile ni cha mwanga wa dashibodi.

Sasa niseme juu ya globu za LED za kubandika, zile ambazo mwenye gari huziweka badala ya globu za halojeni, kwa sababu hapa lawama haiendi kiwandani. Ndani ya taa ya halojeni, kioo kiakisi kimepigiwa hesabu kwa waya mwembamba ulio mahali maalumu, na kuhama kwa sehemu ya milimita kunabadilisha kila kitu. Globu ya H4, yenye waya mbili, ina hata kijisahani cha chuma chini ya waya wa dimu, kinachozuia mwanga usifike nusu ya chini ya kioo. Bila hicho, mwanga ungepanda juu. Ukiitoa globu hiyo na kuweka ya LED isiyoidhinishwa, umeondoa waya unaong'aa pande zote na kuweka vipande bapa vinavyong'aa pande mbili, kwenye kijiti kinene zaidi. Kioo hakijui umefanya hivyo. Kinaendelea kuakisi kwa hesabu ya zamani, mwanga unatawanyika, na mstari wa kikomo unayeyuka. Mwenye gari akitazama mbele anaona weupe mwingi karibu na bumpa na kuridhika. Mbali, anakouhitaji, mara nyingi amepoteza mwanga. Na anayekuja mbele yake hana pa kukimbilia.

Wapo wanaosema basi LED zote za kubandika zipigwe marufuku milele. Ujerumani ilionyesha njia yenye akili zaidi mwaka 2020, ilipoiidhinisha globu ya aina hiyo ya kampuni ya Osram, lakini kwa magari yaliyotajwa kwa jina baada ya kupimwa na globu ndani yake. Walipima jozi ya globu na taa. Ndivyo inavyopaswa.

Urefu wa magari ni sehemu nyingine ya ugomvi, na hapa sina huruma sana na wabunifu. Kanuni za Geneva zinaruhusu taa ya dimu kufungwa hadi sentimita 120 kutoka ardhini, Marekani hadi inchi 54, yaani sentimita 137. Hata ikishushwa inavyotakiwa, taa iliyo juu hivyo ikikukaribia kwa nyuma iko sambamba na kioo chako cha kutazamia. Hakuna skrubu inayotibu hilo. Taa ingeweza kufungwa chini kwenye gari lile lile refu, na wapo wanaofanya hivyo.

Teknolojia inayotajwa kuwa mkombozi ni taa zinazojikata zenyewe: kamera inaliona gari linalokuja, na taa inazima vipande vinavyolielekea tu huku kwingine kukibaki fulu. Audi A8 ya mwaka 2013 ilikuwa na LED 25 kwa kila taa kwa kazi hiyo. Marekani iliruhusu mfumo wa namna hii mwaka 2022 tu, miaka mingi baada ya Ulaya. Nimeuona ukifanya kazi na ni mzuri. Lakini kamera humtambua dereva kwa taa zake. Mtembea kwa miguu hana taa, na kwenye mlima gari linalokuja huwa limeshapigwa kabla taa zake hazijaonekana. Tena magari yasiyo na mfumo huo yatabaki barabarani miongo mingi.

Miwani ya njano inayouzwa kwa madereva wa usiku, naomba muiache. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la JAMA Ophthalmology ulikuta kwamba haikuwasaidia madereva kumwona mtembea kwa miguu mbele ya taa kali. Ufaransa nayo ililazimisha taa za njano kuanzia miaka ya 1930 hadi mwaka 1993, kisha ikaziacha. Linalosaidia kweli ni kugeuza macho kidogo kuelekea mstari wa ukingo wa barabara: utando ule jichoni hupungua kwa kasi, kiasi kwamba ukiongeza maradufu pembe kati ya jicho na taa, unabaki na karibu robo yake. Kioo cha mbele kilicho safi, ndani na nje, husaidia pia.

Ninachokidai kwa sheria ni kwamba uelekeo wa taa upimwe gari linapotoka kiwandani, upimwe kila ukaguzi wa gari, na upimwe kwa lazima kila taa au bumpa inapofunguliwa. Usawazishaji wa kujiendesha uwe wa magari yote mapya, lumeni ziwe ngapi ziwazo. Si ndoto. Ujerumani ina kampeni ya kupima taa bure kila mwezi Oktoba tangu mwaka 1956, na hata huko, kwenye ukaguzi wenye utaratibu, zaidi ya gari moja katika kila matano hukutwa na kasoro ya taa.

Na wewe huna haja ya kusubiri bunge. Tafuta ukuta na sakafu iliyo sawa, simamisha gari mita 10 kutoka ukutani, jaza upepo wa matairi, weka kigurudumu kwenye 0. Soma kibandiko kilicho karibu na taa au chini ya boneti, kikiandika 1.0% basi mstari wa mwanga uwe sentimita 10 chini ya katikati ya taa, kikiandika 1.3% uwe 13. Upande wa ukingo wa barabara utaona mstari ukipanda, huo uache, pima ile sehemu iliyolala. Kama taa moja iko juu ya mwenzake, au zote ziko juu ya alama, mpelekee fundi gari kabla jua halijazama.